Kisingizio cha Utekelezaji

Kila mtaala wa taifa hufunguliwa kwa kurasa chache za malengo ya elimu na maadili ambayo shule inapaswa kuyajenga. Nchini Tanzania kurasa hizo hutaja uzalendo, utu, umoja, usawa, kuheshimu kazi, kujitegemea, fikra tunduizi na utunzaji wa mazingira. Kenya ina malengo manane ya kitaifa ya elimu, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa mwishoni mwa muongo uliopita ukaweka juu ya hayo maadili yake wenyewe: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Ni vigumu kumpata mtu anayepinga hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana kumezoeleka kauli moja inayosikika bungeni, kwenye warsha za walimu, katika tahariri za magazeti na hata midomoni mwa wakosoaji wakali wa serikali: malengo ni mazuri, tatizo ni utekelezaji.

Kauli hiyo inapendwa kwa sababu haimgusi mwandishi wa sera. Lawama hushushwa chini, kwa mkuu wa shule asiyejituma, kwa mwalimu asiyeandika andalio la somo, kwa mzazi asiyefuatilia daftari la mwanawe, kwa halmashauri isiyopeleka fedha kwa wakati. Walioandaa orodha hubaki safi, na miaka kumi baadaye huitwa tena kuandaa nyingine. Hata hivyo kauli yenyewe ni potofu. Lengo lisilosema ni kitu gani kitaachwa, kitapunguzwa au kitalipiwa ili lipatikane, halijafikia kuwa lengo. Limebaki matakwa, na kushindwa kwake kumo ndani ya karatasi kabla mwalimu hajashika chaki.

Watetezi wa kauli hiyo huanzia mwaka 1967, na hapo wana hoja ya kusikilizwa. Machi mwaka huo, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo watoto wapatao 13 tu kati ya kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, ilhali masomo ya wote yalipangwa kana kwamba wote wanakwenda. Waraka ukataka elimu ya msingi ijitosheleze yenyewe, watoto waanze shule wakiwa wakubwa kidogo ili wamalize wakiwa na umri wa kufanya kazi, shule ziwe na mashamba na karakana, na mitihani ishushwe hadhi. Kwa kulinganisha na orodha zilizokuja baadaye, huo ulikuwa waraka wa kweli wa malengo, kwa kuwa ulisema wazi nini kipunguzwe. Miaka michache baadaye mashamba mengi ya shule yalikuwa magugu, na simulizi la kawaida likawa kwamba fikra ilikuwa nzuri ila walimu na wazazi hawakuielewa.

Walimu na wazazi walielewa vizuri sana. Waliona kwamba mlango wa sekondari ulikuwa mwembamba na kwamba ufunguo wake ulikuwa karatasi ya mtihani. Waraka ulitaka mtihani upungue thamani machoni pa watu, lakini mtihani ule ule ukaachwa uamue nani anaendelea na nani anarudi nyumbani. Mzazi aliyemtaka mwanawe abaki na daftari badala ya jembe alikuwa amesoma mfumo kwa usahihi kuliko waliouandika. Kosa hilo haliwezi kuitwa la utekelezaji, maana ni mgongano wa lengo na utaratibu wa kuchuja wanafunzi ulioachwa bila kuguswa.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa na chama tawala chenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliugusa mlango: mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja, bali alitakiwa kwanza afanye kazi na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Mara moja tabia za watu zilibadilika, kwa sababu sharti la kuingia lilikuwa limebadilika. Gharama nayo ikaonekana mara moja. Idadi ya wanawake waliojiunga na chuo kikuu ilishuka, nao wakasamehewa sharti hilo baada ya muda mfupi. Katika miaka ya 1980 utaratibu mzima ukaachwa. Mtu anaweza kubishana kama Musoma ilikuwa sahihi au la, lakini hawezi kusema lengo lake halikutekelezwa. Lilitekelezwa, likaonyesha bei yake, na nchi ikaamua kwamba bei hiyo haiwezi kulipwa. Ni mara chache elimu ya Afrika Mashariki imejadiliwa kwa uaminifu wa namna hiyo.

Tangu hapo malengo yameongezeka na bei zimetoweka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha zaidi ya nusu ya watahiniwa na daraja sifuri. Serikali iliunda tume, ikafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Mwaka huo huo Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukaweka viwango vya ufaulu vya kufikiwa: asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka uliofuata, 80 mwaka 2015. Katika zogo lote hilo hakuna aliyeuliza ni wangapi kati ya wahitimu walikuwa wamejengeka utu au kupenda kazi. Ufaulu ulikuwa na tarakimu, tarehe na maofisa wa kuwajibika. Maadili yalikuwa na ukurasa wa utangulizi. Lengo halisi la mfumo lilijulikana kwa kila mkuu wa shule aliyeitwa mkoani kueleza matokeo yake, na hakuna mkuu wa shule aliyewahi kuitwa mkoani kueleza uzalendo.

Kenya ilipitia njia hiyo hiyo kwa jina jingine. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981, uliahidi kujitegemea. Shule za msingi zikapewa ufundi, sanaa, kilimo na sayansi ya nyumbani, na wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana. Baadaye, mzigo wa masomo ulipolalamikiwa, masomo hayo yaliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane hatua kwa hatua, na kutoka hapo yakatoweka kwenye ratiba za shule nyingi. Lengo la kujitegemea halikufutwa kokote. Lilibaki limechapwa vizuri kama lilivyokuwa. Mfumo uliorithi nafasi hiyo ulifuta mtihani wa darasa la nane, wa mwisho ukifanywa 2023, lakini nafasi ya sekondari ya juu bado hupatikana kwa alama: asilimia 20 kutoka tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa gredi ya 9. Upendo na uadilifu havimo katika hesabu hiyo, na pengine ni vyema visiwemo. Ila anayetaka kujua shule za Kenya zinalenga nini aanzie kwenye zile asilimia 60.

Fedha nazo husema ukweli ambao dibaji huuficha. Tanzania ilipoanza elimu bila ada Januari 2016, ruzuku kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilirithiwa kutoka Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, wakati dola moja ilikuwa karibu na shilingi 1,000. Kati ya fedha hizo, shilingi 4,000 zilibakizwa serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikapelekwa shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, kwa ajili ya chaki, karatasi, ukarabati, michezo, mitihani na uendeshaji wa ofisi. Shule yenye watoto 800 ilipata shilingi 400,000 kwa mwezi kabla ya kununua ubao mmoja wa kufundishia useremala. Sera inayotaja ubunifu, stadi za kazi na kujitegemea huku ikitenga kiasi hicho imekwisha kuamua kwamba mambo hayo hayatakuwapo. Kumlaumu mwalimu baadaye kwamba hakufundisha kwa vitendo ni dhihaka.

Dawa inayopendwa zaidi, hasa kila vijana wanapodaiwa kumomonyoka maadili, ni kuanzisha somo. Somo hilo halijawahi kukosekana. Enzi ya chama kimoja liliitwa Siasa. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi likawa Uraia. Mtaala wa shule za msingi wa katikati ya muongo uliopita ukaliita Uraia na Maadili. Mwishoni mwa 2020 Rais Magufuli alisisitiza historia ya nchi ifundishwe kama somo la lazima, na mtaala ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024 una Historia ya Tanzania na Maadili. Kenya nayo iliwahi kuwa na somo la elimu ya jamii na maadili ndani ya 8-4-4, kisha ikaliondoa. Kila kizazi cha viongozi kimesomeshwa somo la namna hiyo, wakiwamo waliokuja kutajwa katika ripoti za wakaguzi wa hesabu za serikali.

Kinachotokea ndani ya somo hilo si siri. Mada ni uadilifu. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya uadilifu, kisha umuhimu wake, kisha njia za kuukuza, kisha athari za kuukosa. Wanafunzi wananakili. Kipindi kina dakika 40, na darasa lina watoto wengi kuliko madawati. Mwisho wa safari ya darasa la saba uadilifu huo hupimwa kwa swali la kuchagua, mtahiniwa akitia weusi kwenye herufi moja katika fomu inayosahihishwa kwa mashine. Mtoto aliyeibia jibu la jirani yake na kutia weusi herufi sahihi amefaulu uadilifu.

Ripoti ya muhula hupima tabia kwa njia nyingine, na karatasi hiyo inastahili kusomwa taratibu. Chini ya alama za masomo, ripoti nyingi za sekondari huwa na jedwali la mwenendo: kufanya kazi kwa bidii, kutunza mali, ushirikiano, heshima, uongozi, utii, usafi, uaminifu, michezo. Kila kipengele hupewa herufi. Mwalimu wa darasa aliye na wanafunzi wengi hujaza safu nzima kwa B, akishusha moja mbili kwa yule aliyewahi kubishana naye. Uongozi na utii hukaa katika jedwali moja kama ndugu. Kipengele cha kuuliza maswali hakimo, wala cha kukataa jambo baya lililoamriwa na mkubwa, ijapokuwa dibaji ya mtaala hutaja fikra tunduizi na haki. Jedwali hilo halikukosea kutekeleza malengo. Lilichagua moja, utii, na kuyaacha mengine, kwa sababu orodha ilimruhusu yeyote achague analolitaka.

Hapo ndipo ubovu wa orodha unapoonekana wazi: maadili yaliyotajwa hugombana, na orodha haisemi ni lipi litangulie. Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa wasichana waliopata mimba. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi zilitaja kosa dhidi ya maadili kuwa sababu ya kumwondoa mwanafunzi shuleni, na mimba ikahesabiwa humo. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, serikali ikatangaza kwa waraka kwamba wanaruhusiwa kurudi. Kati ya tamko la 2017 na waraka wa 2021 sera ya elimu iliyokuwa ikitumika ni ile ile ya mwaka 2014, na malengo yake, usawa ukiwamo, hayakubadilishwa hata herufi. Wasichana walitolewa malengo yakiwapo, wakarudishwa malengo yale yale yakiwapo. Zaidi ya hapo, neno lililotumika kuwatoa lilikuwa maadili. Mtu anayedai kwamba malengo yalikuwa mazuri na utekelezaji ndio ulioharibika aeleze ni upi kati ya uamuzi huo na ule ulikuwa utekelezaji wake.

Viboko ni mfano wa aina hiyo hiyo. Kanuni za Tanzania za 2002 humruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu yeye, kumchapa mwanafunzi viboko visivyozidi vinne; Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo mwaka 2001. Utu umo katika maandiko ya nchi zote mbili. Mjadala kuhusu walimu wanaozidisha idadi huitwa mjadala wa utekelezaji, ilhali ile idadi ya vinne ni sera yenyewe, imeandikwa na kutiwa saini. Kuheshimu kazi nako kuna mwisho wa kuchekesha kama si kusikitisha: katika shule nyingi za bweni, mwanafunzi hukutana na jembe na fyekeo pale anapochelewa namba au kutoroka prepu. Kazi ya mikono iliyokusudiwa kuwa heshima mwaka 1967 imekuwa jina jingine la adhabu, na hakuna kanuni inayoikataza isitumike hivyo.

Lugha ya kufundishia inakamilisha picha. Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014 ilitangaza Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likarejesha Kiingereza kwa sekondari. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi hufika kidato cha kwanza akitakiwa kuchambua, kuhoji na kujieleza kwa kujiamini katika lugha ambayo hawezi kuombea ruhusa ya kutoka nje bila kusitasita. Hukaa kimya, na ukimya huo huitwa kukosa kujiamini. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, hata hivyo, hufundishwa kwa Kiswahili. Pale serikali inapotaka kwa dhati mwanafunzi aelewe ujumbe, inajua lugha ya kuutumia. Wako wenye hoja nzito za kutetea Kiingereza, kuanzia ajira hadi vitabu vya vyuo vikuu, na huenda hoja hizo zikashinda. Lakini zikishinda, fikra tunduizi imeshuka daraja, na dibaji ilipaswa kukiri hivyo.

Hoja ya juu kabisa ya upande wa pili ni kwamba malengo ya taifa lazima yawe mapana. Taifa lina dini nyingi, vyama vingi, matabaka mengi. Orodha pana huwaunganisha wote, na malengo yenye makali yangewagawa. Wengine huongeza kwamba bila orodha hiyo shule zingegeuka viwanda vya kuzalisha watumishi wa soko. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Tanzania isingekuwa na mfano unaoipinga. Katika maadili yote yaliyowahi kuandikwa, moja lilifanikiwa kweli, nalo ni umoja wa kitaifa. Halikufanikiwa kwa upana wala upole. Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sheria ya Elimu ya 1969 ilifungua njia ya kutaifisha shule za misheni na kuondoa ubaguzi wa dini katika uandikishaji. Wanafunzi wa sekondari walipangwa mbali na mikoa yao, Mhaya akalala kitanda cha juu na Mmakonde cha chini, kisha wakakutana tena Jeshi la Kujenga Taifa. Makanisa yalipoteza shule yalizozijenga, familia zilitengana na watoto, lugha za makabila zilinyimwa nafasi darasani. Yalikuwa malipo makubwa, na baadhi yake yanafaa kulaumiwa hadi leo. Ndiyo maana umoja ulipatikana: uliandikwa pamoja na vitu ulivyoviondoa.

Na hofu ya soko haizuiwi na orodha. Soko huingia shuleni kupitia ada, tuisheni na kambi za kuandaa mitihani, na orodha ya maadili ikiwa imebandikwa ukutani wakati wote huo.

Wengine wataona hoja hii inadai maadili yapimwe kwa mtihani. Kinyume chake, jedwali la tabia na fomu ya kutia weusi vimekwisha kuonyesha ubaya wa njia hiyo. Maadili ya shule hujengwa kwa kanuni zake, kwa jinsi inavyochuja watu, kwa muda inaoutoa na fedha inazozitumia. Kama utu ni lengo, kanuni ya viboko vinne ifutwe. Kama kuheshimu kazi ni lengo, kazi iondolewe katika orodha ya adhabu na ufundi upewe uzito pale nafasi za masomo zinapogawanywa. Mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, ulioanza Tanzania 2024 utasimama au kuanguka kwa jambo hilo, si kwa maneno ya utangulizi wake. Kama usawa ni lengo, haki ya msichana kurudi shuleni iandikwe katika sheria, isining'inie kwenye waraka unaoweza kubatilishwa kwa waraka mwingine. Malengo yaliyopitishwa katika chujio hilo yatakuwa machache, pengine matatu au manne, na baadhi ya maneno yanayopendwa yatakosa nafasi. Yale yatakayobaki, mwalimu atayaona kwenye ratiba na mzazi atayaona kwenye barua ya kupangiwa shule.

Mapitio mengine ya mtaala yatakuja, na wadau wataitwa tena ukumbini kutoa maoni. Wasiombe neno liongezwe kwenye orodha. Waombe kuonyeshwa kanuni itakayofutwa, kipindi kitakachopunguzwa na fungu la bajeti litakalohamishwa.